Soma Mtwara Kwanza

Mama haulizi kama kutanyesha.
Ni Julai, na mbingu ya Bahi
ni sahani iliyokwisha kuoshwa na kuanikwa.
Anauliza upepo.
Si wa hapa. "Wa hapa naujua," husema,
"unanipiga usoni. Soma Mtwara kwanza."

Basi napanda kichuguu nyuma ya zizi,
mahali pekee ambapo mtandao una huruma,
nanyoosha simu kama anayeomba chumvi kwa jirani,
na Mtwara inakuja kipande kipande:
jina, kisha kijimshale,
kisha namba.

Kule kaka yangu Chedego
hupanda ngazi mia na nne
akakaa ndani ya kijumba cha vioo juu ya gati,
akikwapua makaa ya mawe
na kuyamwaga tumboni mwa meli.
Aliwahi kusema, akicheka,
kwamba upepo ukipita hamsini winchi huyumba
kama babu akitoka kilabuni.
Alisema mara moja tu.
Mama ameisikia kila usiku.

Jumanne: kusini-mashariki, thelathini na moja.
Nikasoma thelathini na moja.
Jumatano: thelathini na nane.
Alhamisi mshale ukawa mwekundu,
hamsini na sita, kwa vishindo hadi sabini,
mawimbi mita tatu,
nami nikashuka kichuguuni,
na njiani, kati ya mbigiri na mavi ya mbuzi,
namba ikanipungukia mdomoni.

"Ishirini na mbili," nikasema.
"Shwari?"
"Shwari, mama."
Akaendelea kusonga ugali.
Sikuona mwiko ukisita.

Ijumaa nikasema kumi na tisa.
Jumamosi sikupanda hata kichuguu;
uongo ukishauzoea hauhitaji mtandao.

Jumapili asubuhi tukapepeta uwele.
Mama aliinua ungo juu ya kichwa
akaumimina taratibu:
punje zikadondoka wima miguuni pake,
pumba zikakimbia.
Akaweka ungo chini, akazifuata,
akihesabu kwa nyayo, kisigino kwenye kidole,
mpaka pumba za mwisho zilipolala
kwenye ua wa miiba wa kina Mhembano.

"Kumi na nane," akasema.
"Ukiwa mwanana huishia saba.
Alhamisi, ulipokuwa kisimani,
nilipepeta debe moja peke yangu.
Ishirini na tano.
Upepo huu hauzaliwi Bahi, Matika.
Unapita kwa kaka yako kwanza,
unamtikisa,
ndipo unakuja kunisafishia uwele.
Nani alikutuma uupunje
kama muuza mafuta ya taa?"

Sikujibu. Macho yalikuwa na vumbi,
au tuseme vumbi.

"Nilijua," akasema, akiuokota ungo.
"Nilinyamaza ili wewe ulale."

Saa kumi jioni simu ikalia juu ya kichuguu
nilikoiacha chini ya jiwe.
Mama akapanda mwenyewe, kanga imevimba mgongoni.
Winchi zimefungwa minyororo, siku ya nne leo,
hakuna kazi na hakuna posho,
wanacheza drafti ghalani kwa vizibo vya soda.
"Hamjambo huko?"
"Tunapepeta," mama akapaza sauti,
kana kwamba umbali ni uziwi.
"Upepo wako umefika. Magunia mawili na debe."
Kaka akacheka. Niliusikia mcheko
kabla upepo haujauchukua kuelekea Manyoni.

Usiku nikapanda tena.
Nyota zilikuwa karibu, mtandao mbali.
Nikangoja, mkono umekufa ganzi.
Jumatatu, Mtwara: arobaini na nne.

Nikashuka. Mama alikuwa anafunika mlenda.
Hakuniangalia.
"Arobaini na nne," nikasema,
na namba ikatoka nzima,
pamoja na pumba zake.